Kilichofukiwa Chini ya Hema
Masomo: Yoshua 7, Luka 19:1-10



Kisa cha Akani tunakijua. Yeriko ilianguka, Israeli wakashangilia. Lakini mtu mmoja aliona vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Akavichukua, akavifukia ndani ya hema lake. Kisha watu 36 wakafa mbele ya mji mdogo wa Ai, na Yoshua hakujua sababu. Tuwafikirie watoto wa Akani, waliolala kila usiku juu ya udongo ule.

Wapendwa, mahema ya namna hiyo tunayo hapa kwetu. Vita vya Watwa na Waluba vilianza mwaka 2013, na miaka ya 2016 na 2017 vikawaka zaidi. Vijiji viliteketea Nyunzu, Manono na hapa Kalemie. Ndugu zetu walifika mjini mikono mitupu, wakalala vibandani Katanika na Kalunga. Huko nyuma watu waliezua manjanja, wakabeba milango, mashini za kushona, majembe na mbuzi. Vitu hivyo havikupaa mbinguni. Vingine viko katika nyumba zinazoimba Haleluya kila Jumapili.

Sisi wahubiri tuanze kwa kusema la kwetu. Miaka ile tulipokea sadaka bila kuuliza imetoka wapi. Tulihubiri amani, hatukuhubiri kurudisha. Tunatubu.

Maana siri ya vita haikai peke yake. Mtoto anauliza: "Baba, mashini hii tuliinunua wapi?" Baba anakasirika, mama anageuza maneno. Mtoto anajifunza kwamba kuna jambo lisiloulizwa nyumbani mwao. Kesho anakaa darasani benchi moja na mtoto wa mwenye mashini. Dhambi hakuitenda, lakini hofu ameirithi.

Sasa mtazameni Zakayo. Yesu hakumwaibisha mbele ya umati; aliomba kuingia nyumbani kwake. Zakayo akasimama mwenyewe, akaahidi kurudisha mara nne. Siku hiyo wokovu ukaifikia nyumba yote. Akani naye alikiri, lakini baada ya kura kumwangukia. Mmoja alisema akiwa bado na nafasi ya kurudisha. Mwingine alingoja mpaka akakamatwa.

Basi tufanye nini? Tusitaje majina redioni, wala tusimburute mtu mbele ya watu. Moto unaweza kuwaka upya. Mwenye kitu amwendee mchungaji wake, waende pamoja kwa chifu, kitu kimrudie mwenyewe, awe Mtwa au Mluba. Kama kimeharibika, kilipwe. Kama mwenyewe amekufa, aliacha watoto. Lakini damu ya mtu hailipwi kwa mbuzi, na toba haiondoi kazi ya sheria. Mwenye damu mikononi tutamsindikiza akaseme, hatutamficha.

Usiku wa leo, kabla ya kupiga magoti, tuinue mkeka tuangalie chini yake.

Ee Bwana, ingia nyumbani mwetu kama ulivyoingia kwa Zakayo. Utupe ujasiri wa kurudisha tungali hai, watoto wetu walale kwa amani. Katika jina la Yesu. Amina.