ASILIMIA ZA KISOMO: TUULIZE KWANZA KIPIMO!

(Hotuba kwa vijana wa mjini)



Mtu akikuambia kwamba asilimia kadhaa ya Watanzania wanajua kusoma na kuandika, usiharakishe kupiga makofi. Muulize: umepimaje?

Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wakaenda kisomo, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kuwa wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10. Kazi ile ilikuwa kubwa, tusiibeze.

Lakini mtihani ule ulikuwa na hatua nne. Aliyefika ya tatu, yaani kusoma sentensi fupi na kuandika ujumbe mfupi, alihesabiwa amefuzu. Kusoma gazeti na kuweka hesabu za mapato na matumizi ilikuwa hatua ya nne. Katika ile asilimia 90, wote walitiwa kapu moja!

Sensa ya 2002 ikaja na asilimia 69 hivi. Je, watu walisahau? Huenda wapo, maana madarasa ya kisomo yalififia na shule zilidorora. Ila kipimo nacho kilibadilika. Karani wa sensa hatoi mtihani. Anamuuliza mkuu wa kaya: fulani anajua kusoma na kuandika? Akijibiwa ndiyo, anaandika ndiyo. Nani atamwaibisha baba yake mbele ya mgeni?

Jirani zetu wa Kenya waliwapa watu wazima mtihani mwaka 2006. Waliofikia kiwango cha chini walikuwa asilimia 61.5. Wenye umahiri unaotakiwa? 29.6 tu!

Hapo ndipo penye hoja. Siku utakapoletewa mkataba wa mkopo wa bodaboda, au hati ya kuuza kiwanja cha babu, hatua ya tatu haitakuokoa. Utasoma neno moja moja hadi mwisho, na bado utatia sahihi kwenye kitanzi chako mwenyewe.

Kwa hiyo wakija na asilimia zao, wawe wa serikali au wa chama chetu, tuwaulize matatu. Nani aliulizwa? Alisoma, au alisema tu kwamba anasoma? Na alipewa asome nini?