Furaha ya nyumbani hainunuliwi kwa mkopo

(Maneno ya mama mmoja wa kujitolea kwa familia zilizofika karibuni, Louisville, Kentucky)

Najua kuna waliotoka kazini alfajiri ya leo na hawajalala, kwa hiyo sitawachosha.

Nimeombwa niseme juu ya kuridhika. Neno hili si jepesi kwetu. Mkimbizi ameambiwa mara nyingi aridhike: na hema, na unga wa mgawo, na foleni ya maji. Leo sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba mmefika Marekani mkiwa na ujuzi mkubwa, ujuzi wa kutengeneza raha kwa mikono yenu. Na mwaka wa kwanza ndio mwaka ambao familia nyingi huanza kuupoteza. Ukishapotea, nafasi yake huchukuliwa na vitu vya dukani, na nyuma ya vitu hivyo hufuata deni.

Tuanze na hilo deni, maana ndilo linaloumiza. Deni la tiketi ya ndege halina riba. Ukilipa kidogo kidogo kwa wakati wake, linaisha. Kadi ya mkopo ni jambo lingine kabisa. Riba yake mara nyingi inazidi asilimia 20 kwa mwaka. Tufanye hesabu pamoja. Umenunua televisheni kubwa na makochi kwa kadi, deni ni dola 1,000, riba asilimia 24. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 20. Ukilipa dola 25, ni dola 5 tu zilizopunguza deni lako. Sasa baba anaongeza zamu ghalani, mama naye anaongeza. Televisheni ilinunuliwa ili watoto wafurahi, na wazazi hawapo nyumbani kuiona furaha hiyo.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usitupe mkeka wako mkuukuu kwa sababu umeona mzuri zaidi unapita mikononi mwa mwingine. Mkeka wetu ni upi? Nitataja vitu vinne.

Cha kwanza ni jiko. Unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira vijiko viwili vya chai, iliki kidogo, maziwa ya vuguvugu ya kukandia. Hayo ni mandazi ya nyumba nzima. Mfuko wa unga wa pauni 5 unatosha Jumamosi nne. Mpe mtoto mdogo kazi ya kukata, mkubwa kazi ya kuhesabu. Harufu ile ikijaa nyumbani, hakuna atakayeuliza kama ninyi ni matajiri au maskini. Ila nisikilizeni vizuri: usiondoke jikoni mafuta yakiwa motoni. Yakiwaka, usimwagie maji. Zima jiko na ufunike sufuria. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani hata siku ya baridi kali. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Cha pili ni majani yetu. Wengi hapa mnalilia lengalenga. Tafuta ndoo, itoboe matundu chini, jaza udongo, iweke penye jua. Panda baridi ikishaisha kabisa, kama katikati ya mwezi wa 5. Baada ya wiki tano au sita utaanza kuchuma, na ukichuma kwa kukata vichwa tu, itachipua tena. Kadi ya chakula, ile ya SNAP, inaruhusu kununua mbegu na miche ya mimea ya kuliwa nyumbani. Wengi hawalijui hilo. Kama unapanga nyumba, muulize mwenye nyumba kabla ya kuweka ndoo nje. Na usichume majani kando ya barabara, kwa sababu huenda yamepigwa dawa.

Cha tatu ni jioni zetu. Kambini hatukuwa na umeme wa uhakika, lakini jioni ilikuwa na sauti za watu. Hapa taa zinawaka nyumba nzima na kila mtu yuko na simu yake kwenye kona yake. Basi chagueni jioni moja kwa wiki, hata kama ni Jumanne kwa sababu ya zamu. Simu ziwekwe kwenye kikapu. Chukua makasha manne ya mayai 12, kata kila moja libaki na matundu manane, yaunganishe kwa gundi. Hapo una bao la matundu 32. Kete 64 ni maharage. Babu aliyekuwa anakaa kimya dirishani, kwa sababu hajui Kiingereza, sasa ndiye mwalimu wa nyumba. Nimeona mzee wa namna hiyo akicheka mpaka machozi baada ya kumfunga mjukuu wake mara tatu mfululizo. Na bibi akisema "Hadithi, hadithi!", watoto wajibu "Hadithi njoo!" Hapo Kiswahili chao kinakua bila kulipia darasa.

Cha nne ni miguu yetu. Pale mtoni kuna daraja la Big Four. Lilikuwa la treni, siku hizi ni la waenda kwa miguu. Halina malipo. Unaanza Kentucky, unavuka mto Ohio, unashukia Indiana. Ninyi mliokaa Nyarugusu mnajua kibali cha kutoka kambini kilitafutwaje. Wengine mmevuka Ruzizi au Ziwa Tanganyika usiku, watoto wamefungwa mgongoni. Nendeni na familia mkavuke mto huu mchana, polepole, mkila mandazi yenu. Hakuna atakayewauliza karatasi katikati ya daraja. Mvua ikinyesha, nendeni maktaba ya umma. Kadi yake ni bure, na watoto wanaruhusiwa kuazima vitabu na filamu.

Sasa neno kwa wazazi wenye vijana. Mtoto wa miaka 13 akirudi shuleni akisema, "Mama, kwa nini sisi ni maskini?", usimkaripie. Anaona viatu vya wenzake kila siku, na anaumia. Mkalishe mezani, mwonyeshe barua ya kodi, ya umeme, na pesa mnayomtumia shangazi aliyebaki kambini. Mwambie, "Hiki ndicho tulicho nacho, na hivi ndivyo tunavyokipanga. Viatu tutaviwekea dola 10 kila mwezi." Mtoto anayejua mpango wa nyumba hutulia kuliko mtoto anayefichwa.

Kabla sijamaliza, tusichanganye mambo. Kuridhika si kunyamaza. Ukikosa joto ndani ya nyumba wakati wa baridi, huko si kuishi maisha rahisi. Mpigie mwenye nyumba, na asiposikia, uje ofisini. Ukifanya kazi saa 40 ukalipwa 35, usiseme "Mungu anajua" halafu ukakaa. Lete karatasi ya mshahara tuisome pamoja. Chakula kikipungua, ghala la chakula la msaada lipo kwa ajili ya watu kama mimi na wewe, wala si aibu. Na mama asiyelala usiku kwa mawazo hatapona kwa bao wala mandazi peke yake. Amwambie mfanyakazi wake wa kesi, atatafutiwa daktari na mkalimani. Haki zako ziombe kwa sauti. Kuridhika kunahusu vile vitu ambavyo ukivikosa hupungukiwi na kitu.

Kazi ya nyumbani ni moja tu: kabla ya mwezi kuisha, kila familia iwe na jioni yake moja, na iipe jina. Kikao kijacho tutaulizana imekwendaje. Mwenye mbegu za lengalenga azilete tugawane, na mwenye makasha ya mayai asiyatupe.