Anayeungama Njama ya Bei na Arudishe



Mwezi wa Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni 9 za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kula njama ya bei. Sisi tunaochanga sarafu baada ya ibada tupate kununua nondo za kanisa ndio tuliobebeshwa mzigo. Watu wa Kibera hawahitaji kufundishwa jambo hili: vibanda vyote vya maji vinapopandisha bei ya mtungi siku moja, hujua kwamba wenyewe wameketi mahali wakapatana.

Mapatano hayo hayana risiti. Kwa hiyo kifungu cha 89A cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kimefungua mlango: kampuni iliyomo njamani ikijitokeza, ikafichua siri na kusaidia uchunguzi, yaweza kusamehewa faini yote au sehemu yake. Inayonyamaza hadi ikamatwe yaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Tena kosa lenyewe lina kifungo cha hadi miaka 5.

Wako wenzetu wanaochukizwa. Kijana aliyeiba kuku Kawangware huangukiwa na umati, na mwenye kiwanda apewe barua ya msamaha? Swali hilo ni la haki, nasi hatulipuuzi. Lakini Afrika Kusini, wachuuzi wadogo wa mkate walipolalamika mwaka 2006, Premier Foods iliungama ikasamehewa, na mwaka 2007 Tiger Brands ikalipa randi milioni 98.8. Bila ungamo, njama ile ingeendelea kula mkate wa maskini.

Kasoro ya sheria yetu iko kwingine. Kifungu kile chataja faini. Aliyeuziwa ghali hakimtaji. Marekani, kwa sheria ya 2004, aliyejisalimisha hulipa hasara halisi badala ya mara tatu yake, mradi awasaidie walioumizwa mahakamani. Husamehewa, lakini hurudisha. Zakayo naye (twamsema yule wa Yeriko, si wa vijembe vya mjini) aliahidi kurudisha mara nne.

Hilo ndilo tutakalowaomba wabunge wa Kibra na Dagoretti Kaskazini waliingize katika kifungu cha 89A. Karatasi za saini ziko mlangoni.