KIWANJA KABLA YA NYUMBA: MAZUNGUMZO MBELE YA MADIWANI NA MASHEHA



Jina la Makurunge si geni Visiwani. Huko Wilayani Bagamoyo ndiko ilikokuwa RAZABA, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970. Ufugaji ulipokoma, watu walibaki: wakulima, wachoma mkaa, na familia za waliokuwa wafanyakazi. Mwaka 2013 sehemu kubwa ya eneo ilipewa mwekezaji wa sukari. Mwaka 2016 mradi huo ukasitishwa. Baadaye sehemu yake ikawa shamba la miwa la Bagamoyo Sugar.

Asiyejua kama ardhi aliyoikalia ni yake hajengi kwa tofali. Hujenga kwa miti na udongo, nyumba ambayo aweza kuiacha. Halmashauri nayo haiwezi kumpimia kiwanja kabla haijaamuliwa nani mwenye haki. Ikisha kuamuliwa, Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Ni sharti jema. Lakini anayetwaa ardhi hulipa kwanza, kisha hupima na kufungua barabara, na gharama zote huangukia bei ya kiwanja. Mwenye kibanda, aliyekusudiwa, hushindwa kukinunua.

Sisi tulijenga Michenzani kwa kuwa baada ya Mapinduzi ardhi ilikuwa mikononi mwa Serikali, tusiwacheke wenzetu.

Ombi langu ni moja: kabla ya kuzungumzia saruji, Baraza litenge fungu la fidia na upimaji, na viwanja vya kwanza wapewe waliokuwapo.