Kuchora Nchi kwa Rangi za Guashi
Maneno ya hotuba kwa wanaoanza, Kitale na Bungoma



Mtu akisimama Kitale saa moja ya asubuhi na kutazama magharibi, huuona Mlima Elgon umewaka nuru, kwa kuwa jua huchomoza nyuma ya mgongo wa mtazamaji. Kabla ya adhuhuri mara nyingi mawingu huwa yamekwisha kuufunika. Jioni mambo hugeuka: vilima vya Cherangani, vilivyo mashariki, ndivyo vinavyopata nuru. Kule Bungoma mlima ule ule huonekana upande wa kaskazini, nao hupigwa na jua ubavuni. Mambo haya kila mkulima ayajua, lakini ni wachache waliopata kuyaweka juu ya karatasi.

Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kuchora nchi ni kazi ya wageni. Neno hili si kweli. Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagani, alisoma Makerere na baadaye London, akajulikana kwa picha zake za mashamba, migomba na watu walio kazini. Nchi yake ilipopata uhuru mwaka wa 1961 akawa mwakilishi wake katika Uingereza. Elimo Njau, wa Uchagani vile vile, alichora juu ya kuta za kanisa la Fort Hall, mji uitwao sasa Murang'a, habari za maisha ya Kristo, akiziweka katikati ya vilima vya Kikuyu. Nchi isiyochorwa na wenyeji wake huonekana kwa macho ya wapita njia tu. Tena nchi hubadilika: nyumba za nyasi zapungua, misitu yawa mashamba, na mtoto atakayezaliwa kesho hataamini jinsi kilima kilivyokuwa asipoona ushahidi wake.

Sababu ya pili ni gharama, na hiyo yafaa ijibiwe kwa hesabu. Anayeanza hahitaji sanduku zima la rangi. Rangi tano zamtosha: nyeupe, manjano, nyekundu, buluu iliyokoza na kahawia. Nyeupe hutumika upesi kuliko zote, basi tyubu yake iwe kubwa. Nyeusi si lazima, kwa sababu buluu ikichanganywa na kahawia hutoa giza zuri zaidi. Brashi mbili zatosha, moja bapa yenye upana wa kidole, na moja ndogo yenye ncha. Sahani nyeupe ya bati itakuwa mahali pa kuchanganyia, makopo mawili yatachukua maji, moja la kuoshea brashi na moja la maji safi, na kitambaa kikuukuu kitafutia. Karatasi iwe nene, maana nyembamba hujikunja ikilowa. Mwenye fedha kidogo aweza kuanza kwa rangi za vikopo zitumiwazo shuleni, ingawa nyingi za hizo hufifia upesi zikikaa juani.

Guashi ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na gundi ya mti, ile itokayo katika miti ya jamii ya mgunga, ambayo huota pia katika nchi kavu iliyo kaskazini ya Kitale. Tofauti yake na rangi nyingine za maji ni kwamba hufunika. Mchoraji aweza kuweka rangi nyeupe juu ya nyeusi, na kosa la asubuhi likafunikwa mchana. Kwa sababu hii humfaa sana mtu anayejifunza.

Picha ya kwanza iwe ndogo, sentimita 10 kwa 15, kama kadi ya posta. Picha kubwa huchosha, na nuru huondoka kabla kazi haijaisha. Kwanza mchoraji apige mistari michache kwa penseli: mahali mbingu inapokutana na mlima, mahali mlima unapokutana na mashamba, na njia ipitayo. Mstari wa mbingu usiikate karatasi katikati sawasawa; uwe juu au chini kidogo, ili ijulikane kama habari yenyewe ni mbingu au ni nchi.

Kisha afumbe macho nusu. Akifanya hivyo vitu vidogo hupotea, akabaki kuona sehemu kubwa tatu au nne tu, za nuru na za giza. Hizo ndizo za kupakwa kwanza, kwa brashi bapa. Majani na nguzo za ua hungoja mwisho, na pengine hazihitajiwi kabisa.

Katika rangi za mbali na karibu ndimo wengi wanamokosea. Mlima Elgon una miti na majani, lakini mtu aliye Kitale hauoni kijani. Huuona wa buluu iliyopauka, kwa kuwa hewa nyingi imesimama katikati. Basi kitu cha mbali kipewe buluu na nyeupe, na cha karibu kipewe rangi iliyokoza yenye joto. Kijani kichanganywe kwa manjano na buluu, na tone dogo sana la nyekundu likipunguze ukali. Mahindi machanga hutaka manjano zaidi. Miwa ya Bungoma hutaka nyeupe kidogo. Maporomoko ya Nabuyole, pale Webuye, yasipakwe nyeupe tupu, kwani Mto Nzoia wakati wa mvua hubeba udongo. Kahawia kidogo ndani ya nyeupe itasema kweli.

Guashi ina hila moja. Rangi nzito ya giza ikikauka huwa nyepesi kidogo, na rangi nyepesi huelekea kukoza. Kwa hiyo yafaa kila mchanganyiko ujaribiwe kwanza juu ya kipande cha karatasi na kungojewa ukauke. Rangi iwe nzito kama maziwa mala. Ikiwa nzito mno hupasuka. Tena rangi iliyokauka huyeyuka ikiguswa na maji, hivyo tabaka la juu liwekwe kwa brashi isiyolowa sana, kwa pigo moja au mawili, bila kusuguasugua. Kwa sababu hiyo hiyo picha haina budi kukingwa na mvua ya alasiri, na ikimalizika iwekwe nyuma ya kioo.

Zoezi jema ni hili: mtu achague mahali pamoja karibu na nyumbani, apachore asubuhi moja kila juma kwa miezi mitatu, na nyuma ya kila karatasi aandike tarehe, saa na mahali. Mwishoni atakuwa na picha 12 au 13, na katika hizo ataona mahindi yakikua, mawingu yakibadilika, na mkono wake mwenyewe ukipata nguvu. Picha za mwanzo asizitupe, hata zikimwonea haya. Mwanzo wa ngoma ni lele, na huenda hizo ndizo wajukuu watakazoziomba.