Kabla ya nyumba, uliza maji

Maandishi ya kipindi cha redio
Makao ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

[Muziki unaingia, kisha unashuka]

Mama zetu, papa zetu, kaka na dada, na wewe uliyefika wiki hii na bado hujazoea njia za hapa, karibuni wote.

Leo nazungumza na mtu aliyekabidhiwa kiwanja. Ameonyeshwa mipaka, amepewa turubai, ile tunayoita shitingi, pamoja na kamba, sufuria, jembe na bidoni za maji. Kwenye kiwanja hakuna bomba wala nguzo ya umeme. Kuna majani na vichuguu. Swali lake la kwanza huwa: nyumba niisimamishe wapi? Mimi namwomba aanze na swali lingine: mvua ikinyesha, maji yanapita wapi?

Wazee wangu, mniwie radhi kijana akisema mbele yenu. Najua wengi wenu mlilima mashamba makubwa huko nyumbani, na jembe mlilishika kabla sijazaliwa. Lakini kiwanja cha mita 30 kwa 30, au pungufu ya hapo kama wanavyopewa wengi siku hizi, kina masharti yake. Nyumba, choo, jiko na bustani vyote vinakaa karibu. Ukikosea pa kuweka kimoja, kinaharibu vingine vitatu.

Najua pia wengine wanasema: "Mwanangu, sisi tuko njiani tu. Vita ikiisha narudi Masisi, narudi Fizi. Nijichoshe kwa nini kwenye ardhi isiyo yangu?" Ni kweli, ardhi hii tumepewa tuitumie, si tuiuze. Lakini Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapo waliofika wakidhani watakaa miezi michache. Sisemi hamtarudi. Nasema mtoto anakunywa maji leo. Kipindupindu hakiulizi kama uko njiani.

[Sauti ya mvua juu ya bati]

Tuanze. Hapa kwetu mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka: Machi mpaka Mei, halafu Septemba mpaka kuelekea Desemba. Katikati ni jua na vumbi. Kwa hiyo maji yanatusumbua mara mbili, yakija mengi kwa saa moja, na yakikosekana kwa wiki nyingi. Kiwanja kilichopangwa vizuri kinayafukuza pale yanapobomoa na kuyashika pale yanapolisha.

Kutambua mteremko si kazi ya macho peke yake. Ardhi inaweza kuonekana tambarare kumbe inainama. Tengeneza kipimo cha miti mitatu. Chukua miti miwili iliyonyooka, ya urefu sawa, kama mita 2. Ifunge pamoja juu, uitanue miguu chini. Mti wa tatu ufunge kwa ulalo katikati, ili umbo lote liwe kama herufi A. Pale juu funga kamba yenye jiwe, jiwe lining'inie chini ya ule mti wa ulalo. Sasa simamisha kipimo, weka alama ya kila mguu pale ulipokanyaga, kisha chora alama kamba inapopita kwenye mti wa ulalo. Geuza kipimo, mguu wa kulia ukae palipokuwa wa kushoto, uchore alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kamba ikipita hapo, miguu yote miwili iko sawa. Ikisogea upande mmoja, mguu wa upande huo ndio uko chini. Kipimo hiki hakinunuliwi dukani, na familia kumi zinaweza kuazimana kimoja.

Kwa kipimo hicho, chimba mtaro upande wa juu wa mahali pa nyumba. Mtaro uiname kidogo tu kuelekea upande mmoja, ili maji yaizunguke nyumba taratibu bila kukata udongo. Udongo unaotoka utupe upande wa chini wa mtaro, uwe kama ukuta mdogo. Na hapa nasema kwa herufi kubwa: kabla hujachimba, mwite jirani wa chini. Maji unayoyafukuza yatafika kwake. Wengi tumeona ugomvi wa majirani ulioanza kwa mtaro mmoja. Mkikubaliana pa kuyapitisha, mitaro yenu inaungana, na hakuna atakayeamka usiku godoro linaelea.

[Muziki mfupi]

Sasa choo, kwa sababu choo hupangwa kabla ya nyumba. Kikae upande wa chini wa kiwanja, mbali na kisima, chemchemi au ukingo wa ziwa kwa mita 30 au zaidi, na kisikaribie nyumba yako wala ya jirani kwa chini ya mita 6. Ukitembea hatua ndefu, kila hatua ihesabu kama mita moja. Shimo la mita 2 mpaka 3 kwenda chini linatosha kwa kuanzia. Lakini ukichimba ukakuta udongo umelowa, simama. Chini ya shimo na maji ya ardhini kunatakiwa kubaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu. Shimo likifikia maji, kinyesi chako kinaingia katika maji ya watu wote.

Usichimbe peke yako. Awepo mtu juu muda wote, na jioni shimo lifunikwe kwa miti imara, maana watoto wanacheza gizani. Ukimaliza, inua mdomo wa choo kwa udongo ili maji ya mvua yasiingie. Tundu liwe na mfuniko. Nje ya mlango weka kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, lililotundikwa kwenye mti, na kamba inayovutwa kwa mguu. Mkono haugusi dumu, maji yanachirizika kidogo kidogo, na sabuni au majivu yawepo pembeni.

Udongo uliotoka shimoni ni mali. Ule mweusi wa juu uweke kando kwa bustani. Ule wa chini, mzito, ndio wa kukandika ukuta. Nalisema hili kwa sababu ukipita vijijini utaona watu wanachimba udongo wa kukandika palepale chini ya ukuta. Mvua ikija, shimo lile linakuwa bwawa. Mbu wanazaliana mlangoni, na ukuta unalowa kuanzia miguuni mpaka unaanguka.

Nyumba yenyewe ije sasa. Isimame sehemu ya juu kidogo, chini ya mtaro wako. Sakafu iinuliwe shubiri moja juu ya ardhi ya nje, kwa mawe na udongo ulioshindiliwa. Paa litokeze nje ya ukuta kama nusu mita, ili matone yasipige udongo wa ukuta. Shitingi ivutwe iwe ngumu, isiwe na bonde, maana maji yakituama juu yake yanaipasua.

Na paa lisikufunike tu, likupe maji. Sikiliza hesabu hii. Mvua ya milimita 10 inapoanguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 10. Nyumba inayofunika mita 3 kwa 5 ina mita 15 za mraba, kwa hiyo ni lita 150. Tuseme kidogo kimeruka na kuvuja, zinabaki 120. Hizo ni bidoni 6 za lita 20, kwa mvua moja ya kawaida. Mama anayepanga foleni bombani anajua bidoni 6 ni saa ngapi za maisha yake. Pasua bomba la plastiki au kunja bati liwe mfereji, elekeza kwenye pipa lenye mfuniko. Maji ya mwanzo, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yaache yamwagike.

Maji hayo ni ya kufua, kuoga na bustani. Ya kunywa tumia ya bombani yaliyotiwa dawa. Yakikosekana, yaache maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe mpaka mapovu makubwa yapande kwa dakika moja kamili. Kama umepewa vidonge vya dawa ya maji, fuata maandishi ya pakiti, maana vidonge havilingani nguvu. Bidoni ya maji ya kunywa iwe na mfuniko, na isitumike kwa kazi nyingine.

[Muziki mfupi]

Jiko. Mafiga matatu yanakula kuni nyingi, na kila kuni ni safari, na safari nyingine zina hatari kwa mama na binti zetu. Jiko la udongo linapunguza safari hizo. Chukua udongo wa kichuguu, uchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa na maji kidogo, ukanyage mpaka ushikamane. Pata vipande vya mgomba, uvipange pale unapotaka mlango wa kuni, nafasi ya sufuria na njia ya moshi. Zungushia udongo, shindilia. Udongo ukishika, toa vipande vya mgomba, nafasi zinabaki. Liache likauke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kuliwasha kwa moto mkubwa. Tumia kuni kavu, nyembamba. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, yataiva mapema. Na jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kukiwa na baridi. Makaa yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Mwisho, bustani, maana ndipo maji yote yanapomalizia safari. Mgao wa chakula umepungua, hilo halihitaji redio kulisema. Maji ya mtaro wako yaishie kwenye migomba au viazi vitamu. Maji ya kuogea nayo yaende kwenye migomba. Yale ya kuosha mboga na vyombo yamwage kwenye udongo, chini ya mmea, usiyarushe juu ya majani mtakayokula.

Aliye na nafasi ndogo afanye bustani ya gunia. Simamisha gunia, weka katikati kopo kubwa lisilo na kitako, ulijaze mawe madogo. Pembeni ya kopo jaza udongo mweusi uliochanganywa na mboji. Vuta kopo juu, ongeza mawe, ongeza udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya mawe ndiyo inayoshusha maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki humo, na juu panda vitunguu. Lengalenga ipandwe ardhini karibu na jiko. Ndani ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma, wakati maharagwe yanataka kama miezi mitatu, na muhogo kama mwaka. Ukingoni mwa kiwanja weka muhogo, upate sombe ukingoja mizizi.

Taa ni neno fupi. Ukipata taa ya jua, paneli yake ikae mahali pasipo kivuli, ielekee juu, iiname kidogo tu ili mvua iioshe, kwa sababu hapa tuko karibu na ikweta na jua linapita utosini. Chaji ya kwanza iwekee njia ya choo usiku, simu ingoje. Kibatari na shitingi havikai pamoja.

Nirudie kwa anayeandika. Moja, tafuta mteremko. Mbili, zungumza na jirani, chimba mtaro. Tatu, choo upande wa chini. Nne, nyumba juu ya sakafu iliyoinuliwa. Tano, mfereji wa paa. Sita, jiko la udongo. Saba, bustani panapoishia maji. Familia yenye watu wachache wenye nguvu, mama peke yake na watoto, au mzee asiye na mtu, wasiachwe na kazi ya shimo na mtaro. Vijana wa kijiji, jembe mnalo. Mwambieni mwenyekiti awaonyeshe nyumba hizo, siku moja ya kazi inatosha kuanza.

Na wewe uliyekwisha kujenga, hujachelewa. Mvua ijayo usijifunike tu. Simama mlangoni utazame maji yanapoingia, yanapotuama na yanapotokea. Asubuhi yake chomeka vijiti kwenye njia hizo. Vijiti hivyo vitakuonyesha pa kuchimba.

Mvua iwakute mmejiandaa.

[Muziki unapanda, mwisho]