Sikio Linalojibu

Mwaka 1978 mtafiti David Kemp wa London alionyesha ya kuwa sikio lenye afya halipokei sauti tu, bali nalo hutoa mwangwi hafifu. Ndiyo maana leo mtoto mchanga aweza kupimwa akiwa usingizini: kifaa kidogo hutiwa sikioni, nacho hutoa mlio mwepesi na kunasa mwangwi unaorudi. Usiporudi, mtoto hupimwa tena, maana pengine ni majimaji tu yaliyobaki sikioni.

Nasi tumwonapo mtoto asiyeitika, mbona twaharakisha kumwita mkaidi na kumchapa? Huenda hasikii. Tumpeleke kwanza hospitalini, asije akaadhibiwa kwa kosa asilolitenda. Tuliojaliwa masikio, na tuyatumie kumsikiliza mwenzetu asiyesikia.